Risasi 20 kwenye bunduki ya risasi 10

Mzee mmoja jirani yetu, askari wa wanyamapori aliyestaafu, aliwahi kunituma dukani nikanunue misumari miwili ya inchi nne. Nilikuwa nimemuuliza swali nililoliona jepesi: kama Waingereza waliona risasi 10 hazitoshi kwenye ile bunduki yao ya 303, kwa nini hawakurefusha tu kiboksi cha risasi kikabeba 20? Akailaza misumari mezani, mmoja juu ya mwingine, akasema, "Haya, usukume wa juu uende mbele." Nikausukuma, ukaenda. Akaipanga upya, safari hii kichwa cha msumari wa juu kikiwa nyuma ya kichwa cha ule wa chini. "Sukuma tena." Ukagoma. Nilipotia nguvu, ukaenda na mwenzake. "Basi, mjukuu wangu, hiyo ndiyo 303," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Swali lile limenirudia mara nyingi, hasa ninapowatazama watu wa Ulaya na Marekani wakijaribu bunduki za kale za kijeshi zilizofungwa magazini, yaani kiboksi cha risasi, kubwa kuliko ile ya asili. Mambo huwa yale yale. Bunduki iko mezani, chini yake inaning'inia magazini ndefu maradufu. Mpigaji anajaza taratibu, anapiga risasi 20 bila kupumzika, anageuka, anatabasamu. Jaribio limekwisha. Mimi naona hapo ndipo lilipopaswa kuanza.

Bunduki ninayoisema jina lake kamili ni Short Magazine Lee-Enfield. Huku kwetu haikuhitaji jina refu hivyo. Iliitwa 303, yaani kipenyo cha tundu la mtutu wake kwa hesabu ya inchi, 0.303. Wanajeshi wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, waliibeba, askari wa wanyamapori wakairithi, na huko kaskazini mwa Kenya polisi wa akiba waliendelea kulinda mifugo na ndugu yake mdogo, Mark 4, miaka mingi baada ya uhuru. Toleo la kwanza lilipitishwa 1902. Lililopigana Vita Kuu vya Kwanza, Mark III, lilitoka 1907: uzito wa kilo 3.9 hivi, urefu wa mita 1.13. Huyo Lee ni James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kanada kisha akahamia Marekani. Mwaka 1879 alipata hataza ya kiboksi cha chuma kinachochomekwa chini ya bunduki, ndani yake mna springi inayozisukuma risasi juu, na bolti, kile chuma cha nyuma ya mtutu kinachovutwa na kusukumwa kwa mkono, ikienda mbele inaipeleka ya juu kabisa kwenye mtutu.

Kiboksi hicho kinachomoka, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Tumekulia enzi za AK, ambapo magazini ikiisha unaitupa mkobani na kuchomeka nyingine. Kwa bunduki ya Lee mambo hayakuwa hivyo. Askari alipewa magazini moja tu, na aliichomoa ili aisafishe. Kwenye matoleo ya mwanzo ilifungwa kabisa kwa pete ya chuma isije ikapotea. Kujaza kulifanyika kwa juu: unavuta bolti nyuma, unasimamisha klipu, kibanio cha bati kilichoshika risasi tano, kwenye mfereji wake, unazikandamiza zote kwa kidole gumba mpaka zizame, unachukua klipu ya pili, unarudia. Kumi. Ukishapiga tano unaweza kuongeza klipu nyingine bila kungoja magazini iishe. Hilo la kuongezea katikati ya kazi ndilo lililoifanya 303 isifiwe, na askari wa Uingereza wa kabla ya 1914 alitakiwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika moja, shabaha ikiwa yadi 300.

Kuna jambo moja hunichekesha. Mark III ilitoka kiwandani ikiwa na kibamba cha kuifunga magazini. Ukikisukuma ndani, risasi za kwenye magazini zinazuiwa, na askari anaweka moja moja kwa mkono kama mwenye gobore. Wakubwa waliogopa kwamba askari akipewa risasi 10 zilizo tayari atazimwaga ovyo, kwa hiyo za kwenye magazini zilikuwa akiba ya siku mbaya. Mwaka 1916, katika toleo lililofuata, kibamba kile kiliondolewa. Vita ilikuwa imewafundisha kwamba siku mbaya ni kila siku. Na katika vita hiyohiyo wakatengeneza magazini ya risasi 20. Jeshi lililokuwa likiifungia magazini ya 10 sasa lilikuwa linatafuta ya 20.

Hawakuwa peke yao. Mauser ya Wajerumani ya 1898 ilikuwa na risasi 5 tu, zikikaa ndani kwa ndani bila kuchomoza chini. Kwenye mahandaki wakaibuni magazini ya kupachika: unaondoa bamba la chini la bunduki na unakifunga mahali pake kiboksi cha risasi 20 au 25. Wamarekani nao mwaka 1918 walitengeneza Springfield za 1903 zipatazo 910 kwa ajili ya kikosi chao cha anga, zikiwa na magazini ya risasi 25. Aliyeko angani amevaa glavu nene na upepo unamchapa usoni, hana nafasi ya kuhangaika na klipu. Kati ya majaribio yote matatu, hili la Wamarekani ndilo ninaloliona lilianza na swali sahihi, ingawa rubani angefanya nini hasa na bunduki ya bolti ni hadithi nyingine.

Sasa turudi kwa misumari. Ganda la 303 lina ukingo kwenye kitako chake, kama kichwa cha msumari. Ukingo una kipenyo cha milimita 13.7 na mwili wa ganda karibu yake una milimita 11.7. Tofauti ya milimita mbili inaonekana si kitu, lakini ndiyo inayoamua kila jambo. Risasi ya juu lazima ukingo wake uwe mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, bolti inaposukuma, kingo zinashikana na kazi inasimama. Ndiyo maana hata kwenye klipu risasi tano hazipangwi ovyo: ya kwanza, ya tatu na ya tano kingo zao zinakaa chini, ya pili na ya nne zinakaa juu, na ukiigeuza klipu kichwa chini miguu juu mpangilio unabaki uleule. Aliyeibuni alijua kwamba mtumiaji atakuwa gizani, ana hofu, na vidole vimekufa ganzi.

Ukingo una tabu ya pili. Kitako cha risasi ni kinene kuliko kichwa chake, kwa hiyo ukizipanga risasi nyingi juu ya nyingine, rundo halisimami wima. Linapinda kuelekea mbele, kama ndizi zinavyopinda kwenye chane. Kwa risasi 10 upindo ni mdogo na magazini inaumeza kwa umbo lake. Kwa 20 haufichiki tena. Angalia bunduki ya rashasha ya Bren, iliyotumia risasi hiihii ya 303: magazini yake ya 30 imepinda waziwazi, na hata hivyo askari walifundishwa kujaza 28 ili springi isibanwe mno. New Zealand, wakati wa Vita Kuu vya Pili, Philip Charlton alizigeuza Lee za zamani kuwa bunduki za kujipakia zenyewe, na alipotaka risasi nyingi hakurefusha magazini ya Lee. Alichukua ile ya Bren akairekebisha. Na Wahindi, walipohamia risasi ya NATO ya 7.62 mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliunda Lee-Enfield ya Ishapore yenye magazini ya risasi 12. Risasi ile haina ukingo uliochomoza. Kichwa cha msumari kilipoondoka, nafasi ikapatikana bila makeke.

Halafu kuna springi. Risasi moja ya 303 ina gramu 25 hivi, kwa hiyo 10 ni robo kilo na 20 ni nusu kilo. Springi haifanyi kazi ya kuzishikilia tu. Katika ule muda mfupi bolti ikiwa imefika nyuma na kabla haijarudi mbele, springi inatakiwa kuliinua rundo zima mpaka risasi inayofuata ifike mbele ya bolti. Rundo likiwa zito mara mbili, linachelewa kupanda. Mwenye mkono mwepesi, yaani hasa yule uliyemfundisha kupiga 15 kwa dakika, bolti yake inawahi kupita kabla risasi haijapanda. Anafunga, anafyatua, anasikia "tak". Hakuna kitu. Basi tia springi ngumu zaidi. Ukitia, klipu ya nne haiingii bila kuumiza kidole gumba, na risasi ya juu inabanwa kwenye midomo ya magazini hadi bolti inakuwa nzito kuisukuma. Springi hiyohiyo iwe na nguvu za kubeba 20, isiwe kali ikibanwa na 20, na bado iwe na pumzi ya kuisukuma ile ya mwisho. Ukivuta huku, kule kunafunuka.

Tuseme yote hayo yametatuliwa, magazini inafanya kazi kama saa. Askari amefaidika nini? Hapa naomba tuhesabu pamoja, maana hesabu yake ni fupi na inashangaza. Tuchukulie kila risasi, pamoja na kuvuta bolti na kulenga, inachukua sekunde 3, na kila klipu inachukua sekunde 3 kuingia. Ni namba za kukadiria, weka zako ukitaka. Mwenye magazini ya 10 akipiga risasi 20 anahitaji klipu mbili njiani: sekunde 66. Mwenye magazini ya 20 hahitaji hata moja: sekunde 60. Ameokoa sekunde 6. Sasa wapige risasi 40 kila mmoja. Wa kwanza ametumia klipu sita, sekunde 138. Wa pili ametumia klipu nne, sekunde 132. Ameokoa sekunde 6 zilezile. Wapige 100. Klipu 18 dhidi ya 16. Sekunde 6.

Faida ya magazini kubwa ambayo haibadilishwi inapatikana mara moja tu, mwanzoni, na haiongezeki hata vita ikiendelea mpaka jioni. Ni sawa na kuanza mbio hatua mbili mbele ya mwenzako na kisha kukimbia kwa kasi yake. Ili faida ijirudie, ungehitaji magazini ya pili iliyojazwa tayari mkobani, na hilo halikuwa limepangwa: mikoba ya askari ilikuwa ya klipu, uzalishaji ulikuwa wa klipu, mafunzo yalikuwa ya klipu.

Linganisha na walichofanya Wafaransa, ambacho hakizungumzwi sana kwa sababu hakina mbwembwe. Bunduki yao ya Berthier iliingia vitani ikiwa na risasi 3 tu. Mwaka 1916 wakaibadilisha ikachukua 5. Kuongeza mbili! Hakuna atakayekusanya watu kuja kuona jaribio la kutoka tatu kwenda tano. Lakini kwenye Berthier klipu huingia ndani ya bunduki pamoja na risasi zake, kwa hiyo magazini ilipokua, klipu nayo ilikua kutoka risasi tatu hadi tano. Kila mara askari alipojaza alipata mbili zaidi, asubuhi hadi jioni. Magazini za mahandaki zilikua peke yake, klipu ikabaki ileile ya tano.

Nisiwe mkali mno kwa hizo sekunde 6, kwa sababu si sekunde zote zina thamani sawa. Ukivamia handaki la adui usiku, pambano lote linaweza kuisha kabla hujaigusa klipu ya pili, na klipu gizani, kwenye matope, haichukui sekunde 3. Inadondoka. Unainama kuitafuta. Kwa mtu wa namna hiyo risasi 20 zilizo tayari zilikuwa na maana. Lakini yeye huyohuyo ndiye aliyesumbuliwa zaidi na umbo la kitu chenyewe. Askari hupiga amelala kifudifudi au ameegemeza bunduki kwenye ukingo wa handaki. Magazini ikichomoza mara mbili chini, bunduki inapanda, na nyuma ya bunduki kichwa nacho kinapanda. Kwenye handaki, kichwa kupanda ni jambo la mwisho unalolitaka. Ongeza uzito unaoning'inia katikati, pale mkono unaposhika bunduki wakati wa kutembea. Ongeza kiboksi kirefu cha bati kinachobonyea kikigongwa. Na kikishabonyea kidogo tu ubavuni, risasi hazipandi tena.

Mwishowe kazi ya kumwaga risasi nyingi kwa mkupuo ilichukuliwa na wengine: mabomu ya mkono, na bunduki za rashasha nyepesi kama Lewis, yenye sahani ya risasi 47. Askari wetu wa KAR waliziita bunduki za rashasha bombom, na jina hilo linaeleza kazi yake vizuri kuliko kitabu chochote cha maelekezo.

Tena Afrika Mashariki ilikuwa imeuona upande wa pili wa kisa hiki, ule wa bunduki isiyo na magazini kabisa. Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walipigana na Mauser ya 1871, ya risasi moja moja na baruti nyeusi. Kila anayepiga anatoa wingu la moshi linalomtangaza alipo. Miaka 30 kabla ya hapo, mwaka 1884, Wajerumani walikuwa wameshaifanyia bunduki hiyohiyo marekebisho: bomba chini ya mtutu lenye risasi 8. Ilionekana ni muujiza. Lakini bomba lilijazwa risasi moja baada ya nyingine, hakuna klipu. Ukimaliza zile nane katikati ya mapambano, umerudi kuwa mwenye bunduki ya 1871, ila sasa umebeba bomba. Tena kadiri bomba linavyopungua, uzito wa bunduki unahama kutoka mbele kuja nyuma, na aliyezoea kulenga likiwa limejaa anajikuta analenga bunduki nyingine. Baada ya miaka miwili Wafaransa wakatoka na bunduki ya Lebel yenye baruti isiyotoa moshi, na mjadala ukahamia huko. Pale Tanga, lililowasaidia askari wa Schutztruppe kupata bunduki za kisasa halikuwa marekebisho yoyote. Jeshi la Waingereza lililotoka India kuivamia Tanga, liliposhindwa na kurudi melini, liliacha mamia ya bunduki na shehena ya risasi, na kampuni kadhaa za Wajerumani zikajipatia silaha mpya bila kuagiza chochote.

Kwa hiyo anayeijaribu leo bunduki ya namna hii anapima nini? Kwanza akubali kwamba sehemu kubwa ya anachokipima ni uzee. Springi ina zaidi ya miaka 100. Ikishindwa kuinua risasi, haijatuambia kama ilishindwa 1918. Na kama magazini ni nakala iliyotengenezwa juzi, ikifanya kazi vizuri, sifa ni za fundi wa juzi. Risasi nazo: 303 za kisasa za kuwindia zina vichwa vya umbo jingine na urefu mwingine, na magazini hii iliundwa kwa risasi ya kijeshi yenye ncha, ile Mark VII ya 1910. Aliyejaribu kwa risasi za kuwindia akalalamika kwamba zinakwama, amejaribu kitu kingine.

Halafu mpangilio. Wenye busara humpa kwanza fundi bunduki mwenye leseni aikague bolti na mtutu, maana bunduki hizi ziliteswa vitani na nyingine hazifai tena hata kwa risasi moja. (Na kwa msomaji anayepata wazo: kurekebisha bunduki si kazi ya karakana ya nyumbani, na polisi hawatakuuliza kama ilikuwa kwa ajili ya historia.) Baada ya hapo huanza na risasi bandia zisizo na baruti, tano, kisha kumi, kisha kumi na tano, kisha ishirini, wakivuta bolti polepole na kisha haraka, na kuandika ni risasi ya ngapi iliyokwama. Namba hiyo ina habari ndani yake. Zikikwama za mwanzo, magazini ikiwa imejaa, shaka iko kwenye uzito na mbano. Zikikwama za mwisho, springi imechoka. Zikikwama popote tu bila utaratibu, angalia kingo, angalia klipu zilivyojazwa, kumbuka misumari.

Kamera inayopunguza mwendo inasaidia hapa kuliko macho, kwa sababu inaonyesha kama bolti imeiwahi risasi au risasi imeinama pua chini. Kupiga kwa kusimama hakutoshi. Alale chini, aegemeze kwenye mfuko wa mchanga, tuone kichwa chake kiko wapi. Avae glavu. Ajaze gizani. Aipake magazini tope kidogo kwa nje, kisha aendelee.

Na saa ya kupimia isisimamishwe risasi ya 20 inapotoka. Hapo ndipo kila jaribio nililoliona linapokatwa, mpigaji akigeuka kutabasamu. Iachwe iendelee kuhesabu wakati anatafuta klipu ya kwanza mkobani, anaikandamiza, inaingia. Ya pili inaingia. Ya tatu inaanza kumgomea. Na ya nne anashusha bunduki gotini, anatumia vidole gumba vyote viwili.